Ninunue Chupa Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupendekezana Mvinyo

Wapenzi wa mvinyo hawaishi kuulizana chupa nzuri. Majibu mengi hupotea kwa sababu aliyeuliza hakusema anachokitaka, na aliyejibu hakusema alichokinywa. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi tena na tena. Yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Kuomba pendekezo

1. Nataka mvinyo mzuri. Niseme nini ili nisaidike?

Taja chupa moja au mbili ulizozipenda, kwa majina kamili. Taja na moja uliyoichukia, pamoja na sababu. Sema utakunywa na chakula gani au bila chakula, na kikomo cha pesa ulizo tayari kutoa.

Chupa uliyoichukia husaidia kuliko zote. Anayesema "ulinikausha ufizi" ameikataa tanini, ile hali ya ukakasi itokayo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Anayesema "ulinichoma koo" amekataa kileo kikubwa, pengine asilimia 14.5 au zaidi. Anayesema "mkali kama ndimu" amekataa asidi. Mshauri akijua hayo ataondoa nusu ya orodha yake kabla hajaanza kuchagua.

2. Nasema napenda mvinyo mtamu, lakini napewa usionifaa. Tatizo ni nini?

Neno "mtamu" linabeba mambo mawili: sukari iliyobaki ndani ya mvinyo, na harufu ya matunda yaliyoiva. Mvinyo unaonukia embe na nanasi unaweza kuwa hauna sukari kabisa. Ili kutofautisha, ziba pua kisha onja. Ukiendelea kuhisi utamu, hiyo ni sukari. Utamu ukitoweka, ulikuwa unasikia harufu tu. Halafu omba kwa usahihi: "mkavu wenye harufu ya matunda" au "wenye sukari kidogo".

Katika Umoja wa Ulaya, mvinyo usio na mapovu huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 iwapo asidi yake ni ya kutosha kuizima. Kwenye mvinyo wa mapovu maneno huchanganya zaidi: Brut iko chini ya gramu 12, Extra Dry ni kati ya 12 na 17, Demi-Sec ni kati ya 32 na 50. Kwa hiyo Extra Dry ni tamu kuliko Brut, ingawa jina linasema "mkavu zaidi". Wengi wamenunua chupa isiyo yao kwa kosa hilo moja.

Kwa Riesling (aina ya zabibu nyeupe) ya Ujerumani, neno Spätlese kwenye lebo halielezi sukari iliyomo kwenye chupa. Linaeleza jinsi zabibu zilivyokuwa zimeiva siku ya kuvunwa. Tafuta neno Trocken, yaani mkavu. Usipoliona, tazama kileo. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo, hivyo Riesling ya Mosel, eneo la Ujerumani, yenye asilimia 8 imebakiwa na sukari ya kuonekana, na yenye 12 kwa kawaida ni kavu.

3. Sijui hata ninachopenda. Nianzie wapi?

Onja mbilimbili, glasi kwa glasi, siku hiyo hiyo. Chupa moja moja kwa wiki tofauti hazikufundishi sana, kwa kuwa ulimi husahau haraka. Jozi tatu, zinazoitwa kwa majina ya zabibu zake, zinatosha: Sauvignon Blanc na Chardonnay iliyokaa kwenye pipa la mwaloni, ili ujue asidi na ulaini, Pinot Noir na Cabernet Sauvignon, ili ujue tanini, Riesling kavu na Riesling yenye sukari, ili ujue utamu. Ukimaliza hapo, una maneno ya kutumia kwenye swali la 1.

## Kutoa pendekezo

4. Nikipendekeza chupa, nitaje nini?

Mzalishaji, jina kamili la mvinyo, eneo, na mwaka wa mavuno. Kikikosekana kimoja, mwenzako anaweza kununua kitu kingine kabisa. Ukisema "Chablis" (mvinyo mweupe wa Ufaransa) hujasema chupa, kwa maana kuna Petit Chablis, Chablis, Chablis Premier Cru na Chablis Grand Cru. Mzalishaji huyohuyo wa Rioja, Hispania, anaweza kuuza Crianza, Reserva na Gran Reserva (swali la 9) zenye lebo zinazofanana kwa mbali. Piga picha ya lebo ya mbele na ya nyuma, mambo yaishe.

Kisha eleza ulivyounywa: ulikuwa na joto gani, ulikaa wazi kwa muda gani, na ulikuwa unakula nini. Mvinyo mwekundu mzito ulioshushwa na nyama yenye mafuta si ule ule ukinywewa mtupu, kwa sababu protini na chumvi ya nyama hupunguza ukakasi wa tanini.

Malizia kwa kusema nani hataupenda. Sentensi hii huachwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayolifanya pendekezo liaminike. Mfano, baada ya jina la mzalishaji na mwaka: "Riesling kavu ya Clare Valley, haijapita kwenye pipa, asidi kali, harufu ya ndimu. Tuliinywa ikiwa na nyuzi 8, pamoja na samaki. Anayependa Chardonnay laini ya pipa ataiona kali mno." Maneno hayo machache yanamtosha msomaji kuamua.

5. Mwaka wa mavuno una uzito gani?

Inategemea eneo. Burgundy na Bordeaux za Ufaransa, na Barolo ya Italia, hali ya hewa hubadilika sana: baridi ya machipukizi, mvua ya mawe au mvua wakati wa mavuno hufanya miaka miwili ya mzalishaji mmoja itofautiane waziwazi. Penye jua la uhakika na ukavu, tofauti hupungua.

Kwa mvinyo mweupe wa kila siku na wa waridi, mwaka hukuambia umri, na hilo tu ndilo unalohitaji kujua: chukua wa karibuni zaidi. Kumbuka kwamba kusini mwa dunia huvuna zaidi kati ya Februari na Aprili, kaskazini kati ya Agosti na Oktoba, hivyo chupa mbili zenye mwaka mmoja zinaweza kupishana kwa takriban nusu mwaka.

Champagne nyingi hazina mwaka kwa kuwa ni mchanganyiko wa mavuno kadhaa. Hizo hukaa angalau miezi 15 kwa mzalishaji baada ya kutiwa kwenye chupa. Zenye mwaka hukaa angalau miaka 3.

6. Nieleze vipi ladha bila kubabaisha?

Anza na umbo la mvinyo, harufu baadaye. Watu hukimbilia harufu ("cheri, ngozi, tumbaku") ilhali harufu ndiyo watu wanayotofautiana zaidi. Umbo linapimika mdomoni:

- Asidi: meza, kisha inamisha kichwa kidogo. Mate yakijaa haraka, asidi ni nyingi.
- Tanini: pitisha ulimi kwenye ufizi wa juu. Ukikwaruza, tanini ni nyingi.
- Kileo: joto linaloshuka kooni baada ya kumeza.
- Uzito: maji dhidi ya maziwa. Mvinyo uko wapi katikati ya hivyo viwili?
- Urefu: hesabu sekunde ladha inazobaki baada ya kumeza. Chini ya 5 ni fupi. Zaidi ya 15 ni ndefu.

Sukari imeelezwa kwenye swali la 2. Ukishamaliza hayo, taja harufu mbili au tatu ulizozisikia kweli. Tumia matunda na viungo unavyovijua kwa pua yako, usiazime vya kitabuni. Vanila na nazi mara nyingi hutoka kwenye pipa jipya la mwaloni; pilipili manga ni kawaida kwa Syrah; nyasi mbichi na pilipili hoho ni kawaida kwa Sauvignon Blanc.

7. Alama 90 kwa 100 zina maana gani?

Mfumo huo ulienezwa na Mmarekani Robert Parker, nao kwa kweli huanzia 50. Alama 80 si nzuri kama mwanafunzi angedhani. Ni mvinyo wa kawaida. Wahakiki wengine, kama Jancis Robinson wa Uingereza, hutumia 20. Usilinganishe alama za mifumo miwili.

Hakikisha alama ni ya mwaka ulioko kwenye chupa unayoishika. Alama ya 2018 iliyobandikwa juu ya chupa ya 2021 haikuambii kitu. Pia alama haisemi aina. Mvinyo wenye tanini nyingi na alama 96 utamchukiza asiyependa tanini, na mhakiki hatakuwa amekosea.

## Kusoma lebo

8. Lebo haitaji zabibu. Nitajuaje kilichomo?

Ulaya, hasa Ufaransa, Italia na Hispania, chupa nyingi hutaja mahali, na sheria za mahali hapo ndizo zinazoamua zabibu. Yanayofaa kukaa kichwani: Chablis na Burgundy nyeupe ni Chardonnay, isipokuwa chache, Burgundy nyekundu ni Pinot Noir, Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, Vouvray ni Chenin Blanc, Beaujolais nyekundu ni Gamay, Barolo ni Nebbiolo, Chianti kwa sehemu kubwa ni Sangiovese, Rioja nyekundu kwa sehemu kubwa ni Tempranillo.

Kuna pia zabibu zenye majina mawili. Syrah na Shiraz ni moja. Zinfandel na Primitivo ni moja. Pinot Gris na Pinot Grigio ni moja, ila jina la pili mara nyingi huashiria mvinyo mwepesi zaidi. Chile, sehemu ya zabibu zilizodhaniwa ni Merlot zilitambuliwa mwaka 1994 kuwa ni Carmenère, ndiyo maana Merlot za zamani za huko zilikuwa na harufu ya pilipili hoho iliyowashangaza wanywaji.

9. "Reserva", "Grand Cru", "Vieilles Vignes": nilipie zaidi kwa maneno haya?

Mengine yana sheria, mengine ni pambo. Rioja nyekundu: Crianza ina angalau miaka 2, mmoja ndani ya pipa, Reserva miaka 3, angalau mmoja ndani ya pipa, Gran Reserva miaka 5, angalau 2 ndani ya pipa. Sehemu nyingi nje ya Hispania na Italia neno Reserva halina masharti mazito. Vieilles Vignes, yaani mizabibu mizee, halina umri uliowekwa kisheria Ufaransa.

Grand Cru hubadilika kwa eneo. Burgundy ni cheo cha shamba lenyewe. Kwenye orodha ya Bordeaux ya mwaka 1855 kilichopewa daraja ni shamba la mzalishaji kwa jina lake, na orodha hiyo haikuguswa sana hadi Mouton Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza mwaka 1973.

10. Kifuniko cha kusokota ni dalili ya mvinyo duni?

Hapana. Wazalishaji wa Riesling wa Clare Valley, Australia, walikichagua kwa pamoja mwaka 2000 kwa sababu walichoka kupoteza chupa kwa kasoro ya kizibo (swali la 15).

11. Chupa niliyopendekezewa haipatikani. Nichukue nini badala yake?

Tafuta zabibu ileile na mbinu ileile kabla ya kutafuta jina linalofanana.

Badala ya Champagne, chukua Crémant, Cava au Cap Classique ya Afrika Kusini. Zote huchachuka mara ya pili ndani ya chupa. Prosecco ni kitu kingine: kwa kawaida huchachuka mara ya pili ndani ya tangi, huwa na matunda zaidi na haina ile harufu ya mkate. Badala ya Barolo, Langhe Nebbiolo: zabibu ileile, haisubiri muda mrefu. Badala ya Burgundy nyekundu, Pinot Noir ya Oregon au Spätburgunder ya Ujerumani. Badala ya Châteauneuf-du-Pape, Gigondas. Badala ya Vouvray kavu, Chenin Blanc ya Stellenbosch au Swartland.

Mbadala unaokwama mara nyingi ni wa Sancerre. Watu hukimbilia Sauvignon Blanc ya Marlborough, New Zealand, ambayo ni mvinyo mzuri lakini hunukia kwa nguvu mara nyingi zaidi. Sauvignon Blanc ya Touraine, Ufaransa, iko karibu zaidi.

## Joto, hewa na chupa iliyofunguliwa

12. Ninywe kwa joto gani?

Kwa nyuzi za Selsiasi: wa mapovu 6–8, mweupe mwepesi 7–10, mweupe mzito wa pipa 10–13, mwekundu mwepesi kama Gamay 12–14, mwekundu mzito 15–18. Friji ya nyumbani huwa karibu na 4, hivyo mweupe mzito utolewe dakika 20 kabla. Mwekundu kwenye chumba chenye nyuzi 25 uingizwe friji nusu saa. Ushauri wa "joto la chumba" umeharibu mivinyo myekundu mingi: ukipata joto, kileo hupanda puani na matunda hufifia. Baridi nayo ikizidi, harufu hujificha na tanini huwa chungu.

Una haraka? Ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, konzi mbili za chumvi, dakika 15 hadi 20. Barafu tupu huchelewa kwa sababu huacha nafasi za hewa kando ya chupa.

13. Ni lini nimimine kwenye jagi kabla ya kunywa?

Mwekundu mchanga wenye tanini nyingi: saa 1 hadi 2 kabla. Kuondoa kizibo tu na kuiacha chupa hakusaidii, kwa maana hewa inagusa duara dogo la shingoni.

Mwekundu mzee humiminwa kwa sababu nyingine, mashapo. Simamisha chupa siku nzima. Weka taa nyuma ya shingo, mimina taratibu bila kusita, na uache mara tu wingu la mashapo linapofika shingoni. Kisha unywe bila kuchelewa. Mvinyo mzee unaweza kufifia ndani ya saa moja.

14. Chupa iliyofunguliwa hudumu siku ngapi?

Wa mapovu siku 1 hadi 3, kwa kizibo maalumu cha kubana. Mweupe na mwekundu siku 3 hadi 5. Mivinyo iliyoongezewa pombe kali: Sherry ya Fino takriban wiki. Tawny Port wiki kadhaa. Madeira miezi. Zote ziwe kwenye friji, hata mwekundu, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya oksijeni. Kijiko shingoni mwa chupa ya mapovu hakifanyi kazi yoyote. Kinachofanya kazi: unapofungua tu, jaza chupa safi ya mililita 375 hadi juu kabisa na uifunge.

## Kasoro, na pendekezo lililokwenda kombo

15. Mvinyo unanuka karatasi iliyoloa. Umeharibika?

Ndiyo. Ni kasoro ya kizibo, inayoletwa na kemikali iitwayo TCA. Haidhuru mwili na haiponi. Ukiutikisa kwenye glasi, harufu huongezeka. Vipande vya kizibo vinavyoelea si kasoro hii, viondoe tu.

TCA kidogo ndiyo mbaya zaidi. Hainuki, inafuta matunda, na mnywaji huenda akisema "mvinyo huu hauna ladha". Kabla ya kuiponda chupa ambayo wengine wameisifu, fungua ya pili.

16. Na harufu nyingine mbaya?

Kiberiti au yai bovu: mvinyo umekosa hewa. Tikisa glasi au mimina kwenye jagi. Mara nyingi huondoka. Siki na rangi ya kucha: haziondoki. Tufaha lililokatwa likageuka kahawia: oksijeni imeingia, ingawa kwa Sherry ya Oloroso na Madeira ndivyo inavyotakiwa. Jamu iliyoungua pamoja na kizibo kilichosukumwa nje: chupa ilipata joto kali njiani au ghalani. Zizi la farasi: hamira iitwayo Brettanomyces, ambayo wengine huipenda ikiwa kidogo. Ukiipenda, iseme wazi unapopendekeza.

Chembe zinazong'aa kama chumvi chini ya chupa ni fuwele zitokanazo na asidi ya tataria. Hazina madhara.

17. Nilinunua chupa iliyosifiwa nami sikuipenda. Nani amekosea?

Kagua kwa mpangilio huu: mwaka ni uleule (5)? Joto (12)? Uliupa hewa (13)? Una kasoro (15, 16)? Uliunywa na chakula alichokula yeye (4)? Vyote vikiwa sawa, hakuna aliyekosea. Ladha zenu zinatofautiana, na sasa unajua kwa kipimo gani. Mtu ambaye kila mara hukubaliani naye ni mshauri mzuri kama yule mnayekubaliana.

18. Salfaiti ndizo zinazoniumiza kichwa?

Salfaiti ni vihifadhi vinavyotiwa kwenye mvinyo, na mweupe huruhusiwa kuwa nazo nyingi zaidi, hivyo kama kichwa kinauma kwa mwekundu tu, huenda sivyo. Katika Umoja wa Ulaya kikomo cha mwekundu mkavu ni miligramu 150 kwa lita, na cha mweupe mkavu ni 200. Wenye pumu, hata hivyo, wanaweza kudhurika kweli na salfaiti, na hao wamwone daktari. Kwa wengine, kileo na kukosa maji ndivyo vya kuchunguza kwanza.

## Kuonja pamoja

19. Tuko watu 10. Chupa ngapi, na tufiche lebo?

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150, au vionjo 12 hivi vya mililita 60. Kwa watu 10, chupa moja ya kila mvinyo inatosha. Mivinyo 6 hadi 8 ndiyo mwisho kabla ulimi haujachoka. Weka chombo cha kutemea na maji tele. Anza na wa mapovu, kisha mweupe, mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, mtamu mwishoni.

Ficheni lebo. Ondoeni karatasi yote ya shingoni, tieni chupa kwenye mifuko yenye namba, na anayemimina asitoe alama. Kila mtu aandike kabla ya mtu yeyote kusema, kwa sababu maoni ya kwanza huvuta mengine. Paris, tarehe 24 Mei 1976, waonjaji wa Kifaransa wasioona lebo waliweka kileleni Chardonnay ya Chateau Montelena na Cabernet Sauvignon ya Stag's Leap Wine Cellars, zote za California na za mwaka 1973. Lebo zingekuwa wazi, ni vigumu kuamini matokeo yangekuwa hayo.

20. Nimepewa chupa ya miaka 30. Niifungue?

Mivinyo mingi hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, kwa hiyo umri peke yake si sifa. Tazama kiwango cha mvinyo: kikiwa chini ya bega la chupa, hewa imeingia. Uliza ilikohifadhiwa, panapofaa ni gizani, nyuzi 12 hadi 14 zisizopandapanda, chupa ya kizibo ikiwa imelala. Mweupe uliogeuka kahawia huenda umekwisha, isipokuwa ni wa sukari nyingi kama Sauternes.

Ukiamua kuifungua, isimamishe siku moja (13). Kizibo kitakuwa laini, basi tumia kizibuo cha meno mawili yanayopita kando ya kizibo bila kukitoboa. Kikivunjika, sukuma kilichobaki ndani na uchuje kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Na weka chupa nyingine karibu.